Namba ya Mwisho Iliyokuwa Nzuri

Kosa lenyewe lilikuwa mstari mmoja tu wa programu, na niliuandika nikila karanga. Mstari ule uliiambia kompyuta hivi: namba mpya isipofika, rudia ile ya mwisho. Basi. Sikuwa nimelewa, sikuwa na haraka, wala hakuna aliyenishurutisha. Niliuandika, nikapangusa chumvi vidoleni, nikajiona fundi.

Niseme kwanza mimi ni mtu wa namna gani, msomaji asije akadhani anasoma habari za msomi. Nilimaliza kidato cha nne Korogwe kwa matokeo ambayo mama aliyakunja akayaweka chini ya godoro, na si kwa kuyatunza. Huku Houston nimepakia maboksi ghalani mpaka mgongo ukagoma. Ni mtu wa ndani. Sherehe naziona ni adhabu, uwanja wa mpira sijui mlango wake uko upande gani, na harusi za Watanzania wenzangu nahudhuria pale tu ninapotishiwa. Miaka hiyo wenzangu walipokuwa wakitoka Jumamosi, mimi nilibaki kwenye fleti yangu ya Sharpstown nikijifunza kuandika programu kwa video za bure, nimevaa kaptula ambayo dada yangu aliwahi kusema ingefaa kuzikwa kwa heshima zote.

Mwaka 2017 mvua kubwa ya Agosti ilipoizamisha Houston, serikali ilituambia tusitoke, na nadhani katika mji mzima nilikuwa mtu pekee aliyeona ameagizwa jambo analoliweza. Nasema hivi kwa aibu, kwa sababu majirani wa chini walikuwa wakitoa magodoro yanayochuruzika maji. Lakini mvua hiyohiyo ndiyo iliyonipa kazi. Kampuni ndogo ya malori iliyoniajiri ghalani ilikuwa na ofisi Sugar Land, ofisi ikaingia maji, na bosi akakumbuka kwamba kuna mpakiaji mmoja anayejidai kujua kompyuta. Akanipigia. Kuanzia wiki hiyo nikawa naangalia malori nikiwa sebuleni.

Kazi ilikuwa hivi. Kila lori lina kifaa kinachotuma ujumbe mfupi kila baada ya muda: niko hapa, naenda kasi hii, friji yangu ina ubaridi huu. Ujumbe unafuatana na ujumbe bila kukoma, mchana na usiku, na wenye fani wanauita mkondo wa data. Faili la kawaida ni kama sahani ya wali: unaiona yote, unakula, unaosha, umemaliza. Mkondo ni kama wageni wa sikukuu. Wanaingia mmoja mmoja, hujui wa mwisho ni nani, na kila mmoja lazima umhudumie anapofika maana nyuma yake anakuja mwingine. Hakuna siku utakayoosha vyombo ukasema sasa nimemaliza.

Nilidhani shida ya mkondo itakuwa namba mbaya. Siyo. Namba mbaya unaiona, unashtuka, unafanya kitu. Shida ni kimya. Lori likinyamaza hujui kama limepita chini ya daraja, au dereva amezima injini anakula, au limetumbukia mtoni. Kimya cha haya yote matatu kinafanana. Bosi yeye hakutaka kimya kionekane kabisa. “Wateja wakiona lori limepotea kwenye ramani wananipigia mimi,” alisema. “Liache pale lilipokuwa mpaka liseme tena.” Nikaliacha. Lori likipita chini ya daraja, kwenye ramani lilisimama kidogo, kisha likaruka mbele kama chura. Hakuna lori lililonuna.

Kanuni hiyo niliishika upesi kuliko somo lolote nililowahi kufundishwa, maana nimekulia ndani yake. Kwetu ukiulizwa habari, unajibu nzuri. Nzuri inatangulia, mengine yatafuata yakipata nafasi. Nimemsikia kwa masikio yangu shangazi yangu akipokea simu kwenye matanga ya mumewe, watu wamejaa uani, masufuria yako jikoni: “Nzuri, nzuri kabisa, habari za kwenu? Ila ndiyo hivyo, tumefiwa.”

Sasa nije kwa dada.

Dada yangu alinizidi umri kiasi cha kunibeba mgongoni, jambo ambalo hakuniruhusu kulisahau. Yeye aliishi Irving, karibu na uwanja wa ndege, ambako ndege zilipita juu ya paa lake chini mno hata mazungumzo yetu ya simu yalikuwa na mahali pa kusubiri. Alifanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu za usiku zaidi. Alikuwa na kisukari tangu ujana, kile cha sindano kila siku. Kutoka kwangu hadi kwake ni kama saa nne kwa gari. Watu wanakwenda asubuhi na kurudi jioni. Mimi saa nne za barabara nilizipigia hesabu kama safari ya kurudi Korogwe, na kila mwezi nilikuwa na sababu: tairi, mvua, kazi, mafua, kazi tena. Fleti aliyohamia mwaka 2018 sikuwa nimewahi kuingia.

Mwaka huohuo alipewa na daktari kifaa kidogo cha kubandika mkononi, juu ya kiwiko. Kinapima sukari kila dakika tano na kuituma kwenye simu yake, na simu inaipeleka kwenye intaneti. Alipouliza kama ninaweza kuiona nikiwa Houston, niliona ni bahati iliyonishukia. Mkondo mwingine! Nikauunganisha na kompyuta yangu siku ileile. Kwenye kioo kimoja cha kompyuta nilikuwa na malori, kwenye kingine nina dada.

Kilichokuwa kwenye mkondo ule ni uhai wake, nililijua hilo tangu mwanzo na sikuwahi kujidanganya. Sukari ikishuka sana akiwa usingizini, hatajua. Hilo ndilo lililokuwa likimtisha mama kule nyumbani, na ndilo lililonifanya nikae mbele ya kioo kile kama mlinzi. Mlinzi aliyekalia kochi, lakini mlinzi.

“Dada, shikamoo.”

“Marahaba. Umeona nini tena?”

“Umekula nini?”

“Maharage.”

“Maharage gani yanapandisha hivi?”

“Yaliyokuwa na chapati pembeni.”

“Ngapi?”

“Wewe ni mdogo wangu au ni askari wa trafiki?”

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Nikimpigia akiwa na wenzake alinitambulisha: “Huyu ndiye yule. Wanaume wenzake wanaangalia mechi, yeye anaangalia damu ya dada yake.” Wenzake wanacheka, ndege inapita, tunasubiri, kisha anaendelea: “Njoo uone nilivyonenepa, uache kunisoma kama mita ya umeme.”

“Nitakuja, dada.”

“Utakuja na nani? Na hilo kochi?”

Mwanzoni programu yangu ilikuwa na adabu. Namba zikikatika kwa muda kidogo, simu yangu ililia, nami nilimpigia. Tatizo ni kwamba kule kazini kwao kulikuwa na chumba cha kufulia mashuka kisichoshika mtandao, na akiwa anawaogesha wazee simu aliiacha kabatini. Mkondo ulikatika kila mara. Nilipiga, hapokei. Nikapiga tena. Siku moja nikapiga namba ya mapokezi ya pale kazini, nikasema ni jambo la dharura la kifamilia. Wakamtoa mbio kutoka bafuni, glavu zinadondosha maji, bibi wa watu amebaki na sabuni kichwani.

“Kuna nini?”

“Namba zako hazikuwa zinaonekana.”

Nilisikia akivua glavu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, na ya chini ilikuwa mbaya kuliko ya juu: “Unajua nilichofikiria kutoka kule bafuni hadi hapa? Nilifikiria mama.”

“Sori, dada.”

“Sori yako nitaipaka kwenye mkate? Ukipiga tena hapa, hiki kidude nakivua natupa chooni, ukitafute kwa tochi.”

Dada mkubwa akisema, mdogo anatii. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na safari hii utii ulikuwa mtamu kwa sababu hata mimi nilichoka na ule mlio. Kulikuwa na njia nyingi za kufanya. Ningeweza kuifanya namba ya zamani iwe ya kijivu. Ningeweza kuandika chini yake ni ya saa ngapi. Ningeweza kuacha mlio uje baada ya saa moja, si baada ya dakika chache. Yote hayo nilikuwa nayajua. Lakini mstari wa malori ulikuwa tayari umeandikwa, ni kunakili tu, na karanga zilikuwa mkono wa kushoto. Nikanakili. Namba mpya isipofika, rudia ile ya mwisho. Na juu yake, ikiwa namba ni nzuri, nikaweka neno kubwa la kijani: SALAMA. Hilo neno nililiongeza kwa hiari yangu, hakuna aliyeniomba.

Amani ikarudi. Miezi ikapita. Dada akawaambia wenzake nimestaarabika. Mama, ambaye kila Jumapili aliniuliza sukari ya dada ni ngapi kama wengine wanavyoulizana hali ya hewa, alipata jibu papo hapo bila mimi kuinuka. Kioo kilikuwa kizuri mno, grafu ya mstari mmoja usiokatika, kama uzi uliopimwa na fundi cherehani. Nilimwonyesha bosi. Akasema ningefika mbali.

Jumamosi moja ya mwaka 2019, asubuhi, dada alinitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa amefululiza zamu za usiku kwa sababu mwenzake aliumwa. Ninao mpaka leo, ingawa sijausikiliza tena: “Mdogo wangu, nimechoka mpaka kope zinauma. Nachoma sindano, nakula, nalala. Alasiri kuna kikao cha harusi, wananipitia. Wewe najua huji, basi hata mchango wa mawazo tuma. Usinipigie.”

Sikumpigia. Namba ilikuwa mia na kumi na nane, ambayo kwa mwenye kisukari ni namba ya kuwekwa kwenye fremu. Nikafua. Nikaanika nguo kwenye kibaraza. Nikapita mbele ya kioo: mia na kumi na nane. SALAMA. Nikapika, nikala, nikapita tena: mia na kumi na nane. Nikaona fahari kwa niaba yake. Nikamtumia ujumbe: “Leo umetulia kama maji ya mtungi. Hongera, na chapati endelea kuziacha.” Hakujibu. Amelala, nikasema. Apumzike.

Nilikuwa nimeangalia damu ile kwa zaidi ya mwaka. Nilijua haisimami. Hata mtu akiwa usingizini hupanda mbili, hushuka tatu, hupanda moja, inapumua kama yeye mwenyewe. Niliiona namba isiyotikisika kwa nusu siku nzima, nikaiita nidhamu.

Alasiri nilikuwa nakunja nguo zilizokauka. Mstari kwenye kioo ulitikisika, nikageuka.

Hapa nieleze kidogo. Kile kifaa cha mkononi kina kumbukumbu. Simu ikizimika, chenyewe hakiachi kupima. Kinaweka vipimo vya saa kadhaa, na simu ikiwaka tena karibu yake, kinavituma vyote kwa mkupuo. Katika kazi hii hizo ni data zilizochelewa. Kila moja ina saa mbili: saa jambo lilipotokea, na saa habari ilipofika. Programu mbaya huzichanganya. Yangu, kwa hilo tu, ilikuwa nzuri. Ilipokea kila kipimo na kukirudisha mahali pake kwenye mstari.

Kwa hiyo nikiwa nimeshika fulana, nikauona ule mstari ulionyooka ukikunjika kutoka kushoto kwenda kulia. Mia na nne. Tisini na moja. Sabini na mbili. Hamsini na tano. Arobaini na moja. Baada ya hapo kifaa huwa hakiandiki namba tena, kinaandika neno, na mimi nilikuwa nimelitafsiri kwa Kiswahili kwa ajili ya mama: CHINI. CHINI. CHINI. Zikaja nyingi, zikajipanga, zikafika hadi dakika ileile niliyokuwa nimesimama. SALAMA ikafutika. Nilitazama saa ya ile ya kwanza ya CHINI. Ilikuwa nimetoka kuanika nguo.

Nikapiga simu ya dada. Ilipokelewa na mwanamke nisiyemjua.

“Wewe ndiye mdogo wake?”

“Ndiyo. Yuko wapi?”

“Yupo. Hajambo. Amezidiwa kidogo tu.”

“Anapumua?”

“Kaka, we njoo. Endesha taratibu.”

Mtu akikuambia amezidiwa kidogo na uendeshe taratibu, unajua umeitwa kwenye nini. Niliendesha saa nne zile ambazo zilikuwa zimenishinda miaka miwili. Hazikuwa na jambo lolote la ajabu. Barabara imenyooka, kuna vituo vya mafuta, mtu yeyote angeweza.

Yule mwanamke alikuwa kwenye kamati ya harusi pamoja na dada. Ndiye aliyekuwa ampitie kwenda kikaoni. Alinisimulia tukiwa kwenye viti vya hospitali. Alibisha hodi, kimya. Simu imezimwa. Akaenda ofisi ya majengo, akagombana nao mpaka wakaja na ufunguo. Dada alikuwa kitandani na sare ya kazini. Mezani kulikuwa na sahani ya wali na maharage imefunikwa kwa sahani nyingine, haijaguswa. Alichoma sindano ya kushusha sukari, akajinyoosha kidogo kabla ya kula, usingizi ukamchukua. Simu ilikuwa imekufa betri, chaja iko ukutani, waya unaning'inia. “Nikaichomeka wakati tunasubiri ambulensi,” alisema, “nipate namba ya ndugu yake hata mmoja.”

Basi ndiyo maana. Simu iliwaka pembeni ya mkono wake, na mkono ukasema yote.

Dada alikuwa amelala na mirija. Alikuwa amenenepa kweli. Mashine juu ya kichwa chake ilionyesha namba zake zinazotembea, na mara moja, nesi alipomgeuza, kile kibanio cha kidoleni kilichomoka. Kabla hata hakijagusa shuka, mashine ilipiga kelele na kuandika alama ya kuuliza mahali pa namba. Manesi wawili walikuja. Niliitazama mashine ile kama unavyomtazama mwanafunzi mliyekaa naye dawati moja, halafu yeye akafaulu.

Nilimuuliza daktari: kama mtu angejua asubuhi, dakika namba zilipokatika, dada angepona? Alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya mtu asiyelala. Alisema, “Labda. Na labda sukari ingekuwa bado haijashuka, usingefanya chochote. Siwezi kukuambia.” Nilitaka achague moja. Hakuchagua.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mama alipiga.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Habari za huko?”

“Nzuri.”

“Dada yako mbona simu yake haipokelewi?”

“Kazi nyingi, mama. Amefululiza zamu.”

“Atajiua na kazi huyo. Sukari yake?”

“Iko sawa.”

“Ngapi?”

Nilikuwa nimesimama kwenye korido, mlango wa chumba chake uko wazi, mguu wake nauona.

“Mia na kumi na nane,” nikasema.

“Mungu ashukuriwe,” akasema mama, akaanza kunieleza habari za mbuzi wa jirani aliyeingia kwenye mchicha wake.

Ilikuwa desturi, najua. Habari ya namna ile haipigiwi mtu mzima simu akiwa peke yake. Unanyamaza mpaka wapatikane watu wa kumshika. Kila mtu angefanya vile. Lakini si kila mtu angetaja namba.

Dada alifariki Jumatano asubuhi bila kufungua macho. Nikampigia mjomba, na mjomba akaniagiza nisimpigie mama hadi yeye afike. Akakusanya majirani na watu wa kanisani, wakaenda nyumbani kwa mama alfajiri ya Alhamisi wakiwa kundi. Alipofungua mlango akawaona akina mama wamejifunga khanga, hakuna aliyehitaji kuongea. Baadaye alinipigia mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Hakulia. Aliniuliza jambo moja.

“Ile namba uliyonitajia ilikuwa ya lini?”

“Ya Jumamosi asubuhi, mama.”

Nikasikia anahema. Kisha akakata. Tumeshaongea mara nyingi tangu hapo, ananiombea, ananiuliza kama nakula. Sukari ya mtu yeyote haiulizi.

Jeneza lilisafirishwa. Mimi sikusafiri nalo, kwa sababu karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa na ningetoka nisingerudi. Watu wengi huku wamewazika ndugu zao wakiwa mbali hivyo, sikuwa wa kwanza. Niliyaona mazishi kwenye simu ya binamu. Mtandao wa Korogwe ulikuwa dhaifu. Picha ilikwama mchungaji akiwa ameinua mkono, ikabaki vile, ila sauti iliendelea kuja, na nilisikia udongo.

Nikarudi Sharpstown na kufunga mlango. Watanzania wa Houston walikuja kunipa pole, wakabisha, wengine sikuwafungulia. Si kwamba nililia. Nilikuwa natengeneza programu.

Niliifuta yote nikaianza upya. Namba ikipitisha muda wake, inakuwa ya kijivu. Ikizidi, inafutika, panabaki alama ya kuuliza na maandishi: habari ya mwisho ni ya saa fulani. Ikizidi tena, inalia, na haikubali kunyamazishwa mpaka mtu aandike kwamba ameongea na mhusika kwa mdomo. Namba ikikaa bila kutikisika kupita kawaida, inalia pia, hata kama ni nzuri. Hasa kama ni nzuri. Nikaongeza ujumbe mdogo wa kila dakika usio na kazi nyingine ila kusema bado niko hai. Wenye fani wanauita pigo la moyo, jina ambalo siku hiyo nilishindwa kuliandika nikaandika herufi zake za mwanzo tu. Kisha nikaandika programu nyingine ya kutuma namba za uongo, nizikate makusudi, nione kama ile mpya itashtuka. Ilishtuka. Nikazikata kwa namna nyingine. Ikashtuka. Nilifanya hivyo siku nzima, kesho yake tena. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, hakuna mstari wa kunakili hata mmoja. Malori sikuyaangalia, bosi alipiga, nikaacha simu iite.

Mchana mmoja mlango ukagongwa na mtu asiyekubali kukataliwa. Alikuwa jirani wa mlango wa pili, mama Mkongo kutoka Uvira, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha kufungasha nyama. Mpaka siku hiyo tulikuwa tunasalimiana tu kwenye ngazi. Kumbe alikuwa amesikia kwa Watanzania kwamba nimefiwa na sifungui. Hakuuliza kama aingie. Alibeba bugali, yaani ugali, na sombe, kisamvu cha kwao, kwenye kikapu, na juu ya bega taulo la kazini. Akasogeza nguo zangu kwenye kochi, akakaa, akanyamaza. Ndivyo wanavyofanya kwao, na kwetu pia: unakwenda kwa mfiwa, unakaa, si lazima useme.

Mimi ndiye niliyeshindwa kunyamaza. Aliangalia kioo mara moja, nami nikaanza kumweleza. Nilimweleza kifaa cha mkononi, simu, intaneti. Nilimweleza mkondo, kimya, ule mstari wa zamani ulivyokuwa unarudia namba. Nilimweleza hata karanga. Kisha nikamwonyesha mpya. Nikasema tazama sasa, nazikata. Nikazikata zile namba za uongo. Namba ikageuka kijivu, ikafutika, ikaja alama ya kuuliza, na mlio ukajaza chumba. “Unaona?” nikamwambia, na nadhani nilikuwa natabasamu. “Sasa haiwezi kudanganya tena. Hata kidogo.”

Alisubiri mpaka nilipoandika ile sentensi ya kuthibitisha na mlio ukakoma. Akatoa sufuria kwenye kikapu, akaifungua, akanisukumia sahani juu ya kibodi.

“Umetengeneza muzuri, papa. Sasa utapima nani? Kula, bugali inapoa.”